Kikanisa Kile Kilikuwa cha Nani?

Shangazi yangu ana umri wa miaka themanini na ushee, na kumbukumbu yake haijamtupa hata siku moja. Ndiyo maana alicheka alipoelezwa, mbele ya dirisha la ofisi moja ya umma, kwamba kwa mujibu wa karatasi zake yeye ni watu wawili. Mumewe, mtumishi wa serikali aliyekuwa amestaafu, alikuwa amefariki. Katika jalada la marehemu, mke aliandikwa kwa jina moja la Kikristo. Katika kitambulisho cha shangazi limo jina jingine. Sura ni ileile, jina la baba ni lilelile, lakini majina ya ubatizo ni mawili na miaka ya kuzaliwa ni miwili. Kijana wa dirishani hakuwa mkorofi. Alikuwa na mwongozo mezani, na mwongozo haukumruhusu kumlipa mjane mmoja mwenye majina mawili. "Mama, tuleteeni cheti cha ubatizo," alisema kwa upole. "Kile cha kwanza kabisa."

Kazi hiyo nilikabidhiwa mimi, kwa sababu katika ukoo wetu mimi ndiye ninayeitwa "daktari wa vitabu". Nami niliipokea kwa majivuno kidogo. Nimefundisha chuo kikuu kwa miaka mingi. Nimewaambia wanafunzi mara zisizohesabika kwamba kila waraka una aliyeuandika, aliyeuagiza na aliyeachwa nje yake. Kutafuta mstari mmoja katika daftari la kanisa, nilijiambia, ni kazi ya asubuhi moja. Ilichukua miezi saba. Nayasimulia hapa yaliyonipata kwa sababu naamini wengi wenu, hasa mnaofanya kazi katika ofisi za umma, mtakutana na shangazi kama huyu dirishani, na wengine mnaye nyumbani.

Kwanza tuelewane kwa nini serikali yenye kompyuta inamtuma bibi kizee kanisani. Sheria ya kuandikisha vizazi na vifo ya mwaka 1920 haikumlazimisha Mwafrika wa Tanganyika kuandikishwa. Kwa miongo mingi baada ya hapo uandikishaji ulienezwa kidogo kidogo, wilaya baada ya wilaya. Mtoto aliyezaliwa kijijini miaka ya 1930 hakuwamo katika kitabu chochote cha dola, isipokuwa baba yake alipodaiwa kodi. Hata leo, anayeomba cheti cha kuzaliwa akiwa mtu mzima huweza kuambatisha cheti cha ubatizo, au falaki kwa Mwislamu. Makanisa nayo yalikuwa na mazoea ya zamani ya kuandika. Uingereza iliamuru kila parokia iweke daftari la ubatizo, ndoa na maziko mwaka 1538. Mtaguso wa Trento uliagiza madaftari katika Kanisa Katoliki mwaka 1563. Mazoea hayo yakavuka bahari pamoja na wamisionari. Hivyo mtu ambaye serikali ya kikoloni haikumhesabu alihesabiwa na padre, kwa wino na kwa tarehe. Kumpata basi ni kujua ni padre yupi aliyemwandika.

Hapo ndipo nilipokosea, na nilikosea kwa sababu nilidhani najua.

Kijiji chetu kiko kati ya Masasi na Ndanda. Familia yetu ni ya Kikatoliki. Shangazi alifunga ndoa kanisani, baba yangu alizikwa kwa misa, mimi mwenyewe nilibatizwa nikiwa na wiki tatu. Kijijini kuna kigango kipya cha Kikatoliki chenye bati la bluu. Juu yake kidogo, mteremkoni, limebaki jengo la zamani la mawe na udongo ambalo wazee huliita "kanisani kwa Padre". Leo linahifadhi mahindi na mbaazi. Shangazi alipoulizwa alibatizwa wapi, alilinyooshea kidole jengo hilo. Nikahitimisha kwamba kikanisa kile ni mzazi wa kigango hiki, nikaenda kukichunguza kama mtu anayethibitisha asilolitilia shaka.

Nilikuta nilichotarajia. Ukuta wa mashariki ulikuwa na jukwaa la madhabahu lililoinuliwa. Karibu na mlango palikuwa na mguu wa birika la ubatizo. Ubavuni kulikuwa na kitundu cha kuwekea sanamu, na mzee mmoja aliniambia aliwahi kuiona ya Bikira Maria. Moshi wa uvumba, alisema, ulikuwa ukitoka hadi nje. Nje, kwenye tawi la mwembe, ilining'inia kengele: rimu ya gurudumu la lori. Nikatabasamu, kwani rimu haina dhehebu. Lakini yale mengine yote, kwa macho yangu, yalikuwa ya Kikatoliki bila shaka.

Nikaenda parokiani. Karani wa parokia alinipokea vizuri, akaniletea vitabu vizito vilivyoandikwa kwa Kilatini, kwa maana hadi katikati ya karne iliyopita ndivyo mapadre walivyoandika. Nilimtafuta shangazi katika ubatizo wa miaka ya 1930 na 1940, sikumwona. Nikamwona mwaka 1957, mwaka mmoja kabla ya ndoa yake, kwa lile jina lililomo katika jalada la mumewe. Pembeni mwa tarehe palikuwa na maneno mawili, *sub conditione*. Niliyasoma, nikayapita. Sehemu ya mwaka wa kuzaliwa ilikuwa na makisio tu. Nikanakiliwa cheti, nikakipeleka ofisini, kikakataliwa kwa haki kabisa: kilithibitisha jina ambalo hakuna aliyelibishia, na hakikusema lolote juu ya lile jingine.

Nilirudi kwa shangazi nikiwa nimenuna. Ilikuwa jioni, anachambua mchicha. Nikamwambia kwamba kitabu cha kanisa lake kinaonesha alibatizwa akiwa msichana mkubwa, pengine amesahau.

"Baba," aliniambia, maana huniita hivyo kwa kuwa mimi ni mtoto wa kaka yake, "mimi nilibatizwa nikiwa mgongoni. Padre aliyenibatiza nilimjua mpaka nikawa mkubwa. Watoto wake tulikuwa tunacheza nao rede pale nyuma ya kanisa. Yule wa tatu alikuwa anadanganya sana kwenye kuhesabu."

Niliacha kuandika. "Watoto wa nani, shangazi?"

"Wa Padre. Mama yao ndiye alitufundisha kufuma vitambaa."

Msomaji, miezi mitatu nilikuwa nimeuliza habari za kuta, madhabahu na uvumba. Sikuwa nimeuliza kama Padre alikuwa na mke. Padre Mkatoliki hana mke. Mlutheri mwenye mke haitwi Padre, huitwa Mchungaji. Katika nchi ya Masasi lilikuwapo kanisa moja tu ambalo kasisi wake Mwafrika aliitwa Padre, alivaa kasula, alifukiza uvumba, alisoma misa, kisha akarudi nyumbani kwa mkewe. Lilikuwa kanisa la Waanglikana wa UMCA.

Hapa inanibidi niwe mwalimu kidogo. UMCA, yaani Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati, ilitokana na wito alioutoa David Livingstone mjini Cambridge mwaka 1857. Baada ya kushindwa katika nchi ya mto Shire, ilihamia Unguja mwaka 1864. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere aliongoza msafara wa watu waliokombolewa utumwani, kwa nia ya kuwarudisha kuelekea Ziwa Nyasa ambako wengi wao walitekwa. Walipofika Masasi walitua, wakaanzisha kijiji. Mwaka 1882 kijiji hicho kilivamiwa na Wangoni walioitwa Magwangwara, na kazi ya misheni ikahamia Newala kwa muda. Misheni hii ilikuwa ya Kianglikana, lakini ya mrengo wenye ibada zinazofanana sana na za Roma. Frank Weston, askofu wa Zanzibar kuanzia 1908 hadi 1924, ambaye Masasi ilikuwa chini yake, aliutetea mrengo huo kwa nguvu zote. Wamisionari wake wa Kizungu waliishi bila kuoa. Makasisi Waafrika waliruhusiwa kuwa na wake. Wa kwanza kati yao kupata ukasisi, Cecil Majaliwa, alipewa daraja hilo mwaka 1890, naye alikuwa amekombolewa utumwani akiwa mtoto.

Wabenediktini wa Kikatoliki, kutoka Mtakatifu Ottilien huko Ujerumani, walifungua kituo Lukuledi mwaka 1895 na Ndanda mwaka 1906. Kati ya miaka hiyo miwili ilipita Vita ya Majimaji: Askofu Cassian Spiss aliuawa Agosti 1905 akiwa safarini kwenda Peramiho, na vituo vya Lukuledi na Nyangao vikateketezwa. Ikafuata Vita Kuu ya Kwanza. Wajerumani waliwaweka kizuizini wamisionari Waingereza, na walimu Waafrika wa UMCA wakateswa pamoja nao. Upepo ulipogeuka, Waingereza waliwaondoa Wajerumani, na katika miaka ya 1920 uongozi wa Wakatoliki wa Lindi ukashikwa na Mbenediktini wa Uswisi, Gallus Steiger. Mwaka 1926 Masasi ikawa dayosisi ya Kianglikana chini ya Vincent Lucas, yule aliyelipokea jando na kulipa sura ya Kikristo. Shangazi alipolisikia jina la Lucas alikumbuka kaka zake wakubwa wakitoka jandoni na kupokelewa kanisani kwa maandamano. Nalo hilo nilikuwa nimelisikia tangu utotoni, nikalichukua kuwa hadithi ya ngoma.

Nasimulia haya yote kwa sababu moja. Swali la kwamba kikanisa fulani ni cha dhehebu gani halina jibu mpaka useme mwaka. Jengo halibatizwi. Padre huondolewa na vita, shule hufungwa, mwalimu hufa, waumini huhama, na kuta hubaki palepale zikipokea jina la yeyote anayesali jirani. Sisi tulikipa kikanisa kile dhehebu letu la leo, tukasahau kwamba miaka themanini iliyopita hatukuwa na dhehebu hili.

Nilirudi parokiani, safari hii nikaomba kuonana na padre mzee aliyestaafu. Nikamwonesha yale maneno mawili niliyoyaruka. Alicheka kwa huruma. "Daktari, kitabu kilikwambia, wewe ukakataa kusikia," alisema. *Sub conditione* maana yake ni "kwa sharti". Mtu alipotoka katika kanisa jingine na kuingia katika Kanisa Katoliki, padre aliyekuwa na shaka juu ya ubatizo wa kwanza alimbatiza upya kwa kutanguliza maneno yenye maana ya "kama hujabatizwa". Baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, uliokaa mwaka 1962 hadi 1965, desturi hiyo ilipunguzwa sana. Kwa hiyo yale maneno pembeni mwa tarehe yalikuwa yananielekeza: binti huyu ameandikwa kwingine, nenda ukamtafute huko. Alipobatizwa kwa sharti ili aolewe na Mkatoliki, alipewa na jina jipya. Hivyo ndivyo shangazi alivyogeuka kuwa watu wawili, na hakuna aliyekosea. Makanisa mawili yalimwandika kwa uaminifu, kila moja katika kitabu chake.

Kabla sijaendelea, niwaachie wanafunzi wangu mambo machache niliyojifunza, kwa kuwa yanaweza kuwaokolea miezi.

Msikilizeni mzee maneno yake kabla ya kuangalia jengo. Anayesema kigango, parokia na katekista amelelewa na Wakatoliki. Anayesema usharika na mwinjilisti ana harufu ya Kilutheri. Aliyezoea kuandika "Yezu Kristu" alifundishwa dini na Wakatoliki, maana kwa miaka mingi ndivyo walivyoandika, ilhali wengine waliandika "Yesu Kristo". "Komunyo" ni neno la Kikatoliki, na "Chakula cha Bwana" husikika zaidi kwa Walutheri na Wamoraviani. Lakini jihadharini na maneno yasiyobagua. "Kipaimara" hutumiwa na Wakatoliki, Waanglikana na Walutheri. "Padre" na "misa", kama mlivyoona, vilinidanganya.

La pili, msitafute kitabu ndani ya kikanisa. Makanisa madogo ya vijijini kwa kawaida hayakutunza vitabu vyake. Padre alipita kwa zamu, akabatiza, akarudi na kuandika kituoni kwake. Ulizeni kituo mama kilikuwa wapi wakati ule. Ikiwa kituo kimefungwa, ulizeni makao ya dayosisi au jimbo. Barua na taarifa za wamisionari wenyewe ziko mbali zaidi: nyaraka za UMCA ziko Oxford, na Wabenediktini wana hifadhi yao Mtakatifu Ottilien.

La tatu, someni pembezoni. Sheria za Kanisa Katoliki za mwanzoni mwa karne ya 20 ziliagiza ndoa ya mtu iandikwe pembeni mwa ubatizo wake, hivyo mstari mmoja huweza kubeba maisha mazima. Neno dogo usilolielewa usiliruke. Kwa kawaida ndilo ulilolifuata.

Basi nikaenda kwa Waanglikana. Kasisi wa mtaa alinifungulia kabati la mbao lililoliwa na mchwa mguu mmoja. Vitabu vilikuwa vimefungwa kwa kanga kuukuu, na kimojawapo kilikuwa kimelowa na kukauka hata kurasa zikashikana kama mkate. Mwaka 1938 ulikuwa salama. Shangazi alikuwamo, kwa jina lile la kitambulisho, na tarehe ya kuzaliwa, na jina la kikanisa chetu, na sahihi ya yule Padre baba wa watoto waliocheza rede. Nilimpigia simu palepale. Akauliza tu kama wameandika vizuri jina la mama yake.

Cheti hicho kikiwekwa pamoja na kile cha 1957, na kiapo cha mahakamani, kiliwafanya watu wawili wawe mmoja. Kijana wa dirishani alifurahi kuliko sisi. Na kama ningeishia hapo, ingekuwa hadithi njema ya mwananchi aliyepata haki yake.

Sikuishia hapo. Mtu aliyefunguliwa kabati hafungi kirahisi. Nikawatafuta wazazi wa shangazi, nikapata ndoa yao. Nikamtafuta babu, nikampata amebatizwa mwaka 1908. Chini ya jina la baba yake paliandikwa "mwalimu". Chini ya jina la mama yake, mahali ambapo kwa wengine paliandikwa kabila au kijiji, paliandikwa neno moja: Mbweni.

Wasomaji wa Unguja wameshaelewa. Kwa wengine nieleze. Mbweni iko kusini mwa mji wa Zanzibar. UMCA ilinunua shamba huko mwaka 1871, ikawaweka watu waliokombolewa, na ikajenga shule ya wasichana, ile ya Mtakatifu Mariamu, iliyoongozwa kwa miaka mingi na Caroline Thackeray. Magofu yake yapo hadi leo. Wasichana wengi wa shule hiyo walikuwa watoto waliookolewa katika majahazi yaliyokamatwa baharini yakisafirisha watumwa hata baada ya soko la Unguja kufungwa mwaka 1873. Wavulana walisomeshwa Kiungani. Walimu waliotoka Kiungani walitumwa bara, na wengi wao walioa wasichana wa Mbweni. Mama yake babu alifika kwetu hivyo: mke wa mwalimu, msichana asiyejua alizaliwa wapi, anayezungumza Kiunguja kitamu ambacho wajukuu walidhani amekipata kwa kusoma sana.

Tunao usemi kwamba mwacha asili ni mtumwa. Nimeutumia darasani, nimeutumia hata katika makala zangu za nyuma. Siku ile, mbele ya kabati lile, niliona jinsi unavyoweza kumkata mtu. Vipi kama asili yenyewe ndiyo utumwa? Familia yetu haikuacha asili kwa kudharau. Iliacha asili ili isiitwe kwa asili hiyo. Utumwa ulikuwa bado halali katika Tanganyika hadi mwaka 1922. Babu alikuwa na miaka kumi na minne. Kuhamia dhehebu jingine, kuhama kitabu kimoja na kuingia kingine, kulifuta na lile neno moja. Sisemi kwamba ndiyo sababu walihama. Baba yangu alisoma shule ya Wabenediktini, shangazi aliolewa na Mkatoliki. Njia zilikuwa za kawaida. Ila matokeo yalikuwa hayo, na nadhani kuna waliopumua.

Hapa ndipo jambo la familia linapokuwa jambo la umma. Baba yangu mdogo, ninayemheshimu sana, ndiye mtetezi mkuu wa ardhi ya ukoo. Kwa miaka kadhaa amekuwa na mgogoro na majirani waliohamishiwa pale wakati wa Operesheni Vijiji miaka ya 1970. Hoja yake ni moja: wao ni watu wa kuja, sisi ndio wenye nchi. Ameisema barazani, ameisema mbele ya baraza la ardhi. Kwa mila za Wamakua na Wayao anazozitaja, mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Ukoo wa mama yake babu ulikatwa ndani ya jahazi. Kwa mila ileile inayotajwa kuwafukuza wengine, babu yangu hakuwa na ukoo hata mmoja katika nchi hiyo. Alipewa shamba na watu waliomwonea huruma mwalimu na mkewe mgeni. Tuko pale kwa ukarimu.

Nimeishi katika nchi hii kwa zaidi ya miaka arobaini, nami nimeliona swali "kwenu hasa ni wapi?" likiulizwa kwenye fomu, kwenye usaili, kwenye kampeni. Huulizwa kana kwamba kila mmoja wetu ana kitabu kimoja tu, na kitabu hicho hakijawahi kulowa. Siwadai wanaouliza waache kuuliza. Nawaomba wajue kwamba jibu refu zaidi la swali hilo, ukilifuata hadi mwisho, mara nyingi humfikisha mtu mahali ambapo alipokelewa.

Ninayo maombi mawili ya kawaida kabisa. Kwa watumishi wa umma: mwananchi mwenye majina mawili si lazima awe mdanganyifu, muulizeni kwanza kama alibadili dhehebu, hasa alipoolewa. Mwongozo unaweza kulibeba swali hilo moja. Kwa makanisa: kanga ni nguo nzuri, lakini haizuii mchwa. Vitabu hivyo ni vyenu, ila watu waliomo ni wetu sote, wakiwamo waliokwisha kuwa Wakatoliki, Waislamu, au wasiosali kabisa. Viorodhesheni, vipigeni picha, na waruhusuni vijana wa vyuo wawasaidie.

Kuhusu nyumbani kwetu: ulipofika mkutano wa ukoo, baba mdogo alinivuta kando, akaniomba niwasomee wote ubatizo wa shangazi lakini ule ukurasa wa 1908 niuache. "Mwanangu, mambo mengine hayana faida," alisema. Nikamwambia nitamuuliza mwenye cheti. Shangazi alikuwa ameketi mkekani, miguu ameinyoosha. Nilidhani nitamshtua. Akanitazama kama anayetazama mtoto aliyechelewa kutoka shule.

"Bibi alituambia mwenyewe," alisema. "Alituonesha na kovu. Akasema tusimwambie mtu mpaka aulize. Hakuna aliyeuliza."

Kisha akanyoosha mkono, akataka karatasi aishike yeye wakati naisoma. Nikaisoma yote. Baba mdogo alisikiliza hadi mwisho, akatoka nje, akasimama chini ya mwembe penye ile rimu. Shauri la ardhi bado halijafutwa. Lakini tangu siku ile sijamsikia akisema "watu wa kuja".